Jirani wa Zuhura Kule Mumbai

Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Hayakumkuta rafiki yangu, wala sikuhadithiwa na mtu aliyehadithiwa na mtu. Elimu yangu ni ya darasa la saba na uongo mrefu hunishinda. Nikijaribu kudanganya nasahau nilipoanzia. Kwa hiyo utakachosoma hapa nilikiona kwa macho haya mawili, mchana, mvua ikinyesha, sina homa, na tumboni nina chapati mbili na chai. Ukiamini, nashukuru. Usipoamini sitakugombeza, maana hata mimi ningekuwa wewe ningetia shaka.

Mke wangu aliitwa Zuhura. Tulioana Tanga. Mimi nikatangulia Marekani, yeye akabaki na binti yetu, kwa ahadi kwamba karatasi zangu zikikamilika nitawaita. Karatasi zikachukua miaka. Wakati huo nilikuwa naishi Louisville, nafanya kazi ya usiku katika ghala la vifurushi karibu na uwanja wa ndege, na kule nyumbani moyo wa Zuhura ukaanza kuharibika. Akipanda ngazi tatu anahema kama aliyekimbizwa. Madaktari wakaandika kwamba aende India, apasuliwe. Kaka yake, shemeji yangu Omari, alikuwa anaishi Buffalo na tayari ni raia, anaweza kusafiri anavyotaka. Akasema, mimi nitampeleka.

Mimi nikakataa. Nilikuwa na hoja zangu: asubiri miezi michache, karatasi zitoke, aje atibiwe huku nikiwa karibu naye. Lakini nimesema sitadanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa, na ndani ya woga ule mlikuwa na wivu. Niliona kaka yake anakwenda kuifanya kazi iliyokuwa yangu. Tukabishana kwenye simu siku mbili, na siku ya pili nikasema neno. Nilimwambia, "Ukienda, ujue umekwenda bila radhi yangu."

Waliolelewa kama sisi wanajua uzito wa hilo. Mke akisafiri, akiugua, akikaribia kujifungua, humwomba mumewe radhi, na mume hujibu, "Nimekuwia radhi, duniani na akhera." Ni maneno ya kila siku, hayachukui hata pumzi moja. Lakini mtu hufungia nayo safari. Mimi niliyazuia. Zuhura akasema, "Haya, mume wangu." Akaenda.

Nilijipangia kwamba akitoka salama ndipo nitamwambia. Unauona ujinga huo? Siku ya upasuaji, kwao ilikuwa asubuhi, kwetu Louisville usiku. Kazini tulikuwa tunazifungia simu kwenye makabati ya chuma kabla ya kuingia. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia nayo. Nilipotoka kupumzika nikafungua kabati, nikakuta Zuhura amepiga mara kumi na moja. Nikapiga, akapokea Omari.

"Ameshaingia, shemeji," akasema. "Tuombe Mungu."

Hakutoka mzima.

Alizikwa huko huko Mumbai siku ile ile, maana kwetu maiti hacheleweshwi. Omari akanitumia jina la makaburi, safu na namba ya kaburi. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi nikakitia ndani ya pochi, na nikakaa nacho miaka mitatu. Lile neno langu sikumwambia mtu. Si binti yangu, si Omari, si imamu. Watu walipokuja kunipa pole nilikuwa naitikia, huku moyoni najiuliza: alikuwa anapiga mara kumi na moja kuniomba radhi, na amekufa hajaipata? Mke akifa mumewe hajamridhia, analala vipi? Nilihama Louisville kwa sababu ya kabati lile tu. Nikaenda Columbus, nikapanga chumba upande wa Hilliard, nikapata kazi ya mchana katika ghala jingine. Omari alikuwa akinipigia mwanzoni, nami namjibu kwa mkato, mpaka tukawa watu wa kutakiana Idi njema na kwaheri.

Mwaka 2015 karatasi zangu zikatoka, pamoja na hati ya kusafiria. Wengine wakipata hati hiyo hukimbilia nyumbani kuonekana. Mimi nilikata tiketi ya Mumbai, ya bei ya chini kuliko zote, ya msimu wa mvua, yenye kubadili ndege mara mbili.

Kwenda kazini nilikuwa napanda gari la mama mmoja Mkongomani wa Bukavu, tulimwita Mama Furaha. Alipotusikia tunazungumzia ruhusa yangu ya siku kumi, hakuniacha.

"Papa, unaenda kufanya nini kule Inde? Batu benye akili banatoka kule banakuja huku, weye unatoka huku unaenda kule?"

"Nina shughuli, mama."

"Bon, sema tu. Iko muke wa Kihindi anakungojea." Wote garini wakacheka.

Nikamwambia, "Yupo mke, lakini si Mhindi. Amezikwa huko."

Kicheko kikakatika. Akaendesha mpaka taa za barabarani, na taa zilipokuwa nyekundu akageuza shingo. "Donc utamusalimia," akasema. "Utamwambia Mama Furaha wa Columbus anamusalimia sana."

Mumbai, ambayo wazee wa Tanga huiita Bombei, niliiogopa kabla sijafika. Nilidhani nitapotea, nitaibiwa, nitaumwa tumbo. Tumbo liliniuma kweli, siku moja. Hayo mengine hayakutokea. Nilifikia musafirkhana, yaani nyumba ya wasafiri Waislamu, karibu na stesheni kubwa. Chumba kilikuwa na vitanda vinane, feni moja, na ndoo ya kuogea ya zamu. Wenzangu wote walikuwa ndugu za wagonjwa waliotoka mikoani, kila mmoja ameweka chini ya mto bahasha kubwa ya picha za eksirei. Hakuna aliyejua lugha yangu, na Kiingereza changu ni cha ghalani. Lakini nikisema chai, wanaelewa. Nikisema sabuni, wanaelewa. Chapati, biriani, kalamu, rangi, duka. Nilijiona kama niliyefika kwa mjomba ambaye hatujawahi kuonana, ila pua ni moja.

Jiji lenyewe lilikuwa limelowa lote. Kunguru wamelowa, mbwa wamelowa, nguo zimeanikwa kwenye mvua kana kwamba wenyewe wamekata tamaa, na watu wanatembea bila haraka ya kukauka. Kwenye treni watu hawashuki, wanamiminika. Mara ya kwanza nilisimama tu nikiziacha zinapita, tatu, nne, mpaka baba mmoja wa kitanda cha jirani yangu, ambaye mwanawe alikuwa amelazwa kwa figo, akanikamata mkono wa shati akanivuta ndani kama begi. Kisha akanitazama juu mpaka chini kuona kama nimefika mzima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jioni alinigawia embe. Mtu mwenye mtoto mahututi! Sijui jina lake mpaka leo, lakini namwombea.

Siku ya tatu, baada ya swala ya adhuhuri, nilikwenda makaburini. Getini nilimkuta mlinzi, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, na kando yake mwanamume anauza maua ya waridi ya kumwaga juu ya makaburi. Muuza maua alikuwa na Kiingereza kidogo. Nikatoa karatasi yangu. Mlinzi akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole, akaifikia namba, akaligeuza daftari nilione. Safu ni ile, namba ni ile. Jina la mwanamume nisiyemjua.

Nikasema kuna makosa. Muuza maua akanieleza kwa upole, tena mara mbili, maana mara ya kwanza sikutaka kuelewa. Jiji hili ni dogo kwa wafu wake. Kaburi hukaa muda, kisha udongo hufunguliwa na mwingine huingia. Ni desturi yao, wala hawaifichi.

Sisi kwetu kaburi ni kaburi. Bibi yangu amelala alipolala tangu sijazaliwa, na akija mtu na jembe pale tutapigana. Kwa hiyo mimi na Omari wote wawili tuliishika ile namba miaka mitatu kama namba ya nyumba, na haikutupitia akilini kabisa kuuliza. Nilipandisha sauti pale getini. Nilisema maneno ya aibu, namshukuru Mungu hawakuyaelewa. Mlinzi alinisubiri nimalize, akanionyesha kwa mkono kwamba naweza kuingia nikaombe dua popote. Sikuingia. Niingie nikamwambie nani? Nikatoka nje, nikakaa kwenye ukingo wa ukuta, mvua inanipiga, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu Zuhura afe.

"Mwanangu, utaloa."

Nilinyanyua kichwa. Sikiliza vizuri hapa: nilisikia Kiswahili. Si neno moja la kuokota kama chai na sabuni, bali Kiswahili chenyewe, cha Unguja mjini. Mbele yangu amesimama bibi wa Kihindi, mnene, kajitanda shuka nyeupe kichwani, ana mwavuli mweusi ambao upande mmoja umevunjika na kuning'inia kama bawa la kuku.

"Nimeshaloa, bibi," nikasema. Ndilo lililonijia.

"Umeshaloa, basi zidisha uloe vizuri." Akacheka peke yake. "Waja toka wapi?"

"Marekani."

"Amerika! Na viatu hivyo?"

Nilivitazama viatu vyangu. Nadhani nilitabasamu. Haikunishangaza sana, naomba uelewe. Wahindi waliozaliwa Zanzibar na Dar wakarudi kwa babu zao wapo wengi, na mtu aliyekulia Unguja hasahau Kiswahili. Akaniambia jina lake ni Hawabai, na kwamba alizaliwa Unguja, akaolewa huku. Mimi sikumwambia jina langu. Sikumwambia nimefuata nini. Akaukunja mwavuli akanigusa nao begani.

"Inuka, mume wa Zuhura. Yuko palepale, wewe wamlilia ukutani."

 Na kama mtu yeyote wa pwani, macho yangu yakashuka yenyewe kwenye miguu yake. Tumefundishwa toka utotoni kwamba jini hujificha usoni lakini kwato hazifichiki. Hakukuwa na kwato. Kulikuwa na ndara za mpira za bluu na miguu miwili iliyovimba.

"Unatazama miguu yangu?" akasema. "Ni miguu. Moyo mbovu huvimbisha. Mkeo ya kwake ilikuwa hivyo hivyo, tukilinganisha wodini, nani kamshinda mwenzake. Tulikuwa kitanda kwa kitanda."

Hapo nikapumua. Kumbe! Bibi aliyelazwa pamoja na Zuhura, amepona, anaishi Mumbai, Omari labda alimwambia habari zangu, labda picha yangu aliiona kwenye simu. Unaona akili inavyotafuta njia? Ukitaka kitu kiwe cha kawaida utakikunja mpaka kienee. Nikainuka nikamfuata.

Tukapita getini. Mlinzi alininyanyulia uso mimi, akarudi kwenye daftari lake. Hawabai alitembea mbele polepole, akihema, akizunguka madimbwi bila kutazama chini. Hakuuliza safu wala namba. Akasimama karibu na ukuta wa nyuma, kwenye tuta lisilo na jiwe, lenye majani mabichi tu.

"Hapa," akasema.

Nikamwambia kwa uchungu kwamba nimeliona daftari, kaburi si lake tena.

"Si lake peke yake," akanijibu. "Wewe hujapata kulala wodini? Amepata mwenzake juu, basi. Kwani mgeni akiingia nyumbani, mwenye nyumba hutoka? Yeye hakutoka. Sema ulichokuja kusema, mvua hii haitakungoja."

 Nikasema kile ambacho sikumwambia mtu kwa miaka mitatu, na nikamwambia bibi nisiyemjua. Nikasema nilimnyima radhi. Nikasema alinipigia mara kumi na moja akiiomba, na mimi simu nimeifungia kabatini.

Bibi akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa shati kinyume.

"Nani kakwambia alikuwa aomba radhi?" akasema. "Radhi alijua anayo. Usiku aliniambia, mume wangu ana hasira za mtu mwenye mapenzi na asiye na nauli. Akacheka. Asubuhi ile manesi walimsuka. Ukenda kupasuliwa wanawake huku husukwa mikia miwili, huku na huku, kama watoto wa skuli. Na nywele zake zile! Nesi akavunja chanuo. Zuhura akajitazama kwenye kioo, akasema lazima mume wangu alisikie hili, mke wake mtu mzima kasukwa mikia miwili. Ndiyo akapiga, akapiga, akapiga. Kaka yake amwambia nyamaza upumzike, yeye acheka."

 Nikapiga magoti kwenye tope. Nikasema, "Zuhura, nimekuwia radhi, duniani na akhera. Na wewe niwie radhi mimi." Nikasema kwa sauti, si moyoni. Nikamsalimia kwa niaba ya binti yetu, na kwa niaba ya Mama Furaha wa Columbus, maana alinituma. Nikasoma dua. Na huyo mwanamume aliye juu yake nikamwombea pia, nimfanyeje? Ni jirani.

Utadhani nilipogeuka nilikuta hayupo. Hapana, alikuwepo. Amejishika kiuno, anahema, mwavuli wake mbovu umeelekea upande. Akanishika kifundo cha mkono wa kulia tukatoka pamoja, na mkono wake ulikuwa wa moto kama wa mtu aliyetoka jikoni sasa hivi. Nilimwomba aniambie anakaa wapi nimpelekee hata matunda. Akasema, "Nenda ukale, mwanangu. Uso umekusinyaa." Nilipofika kona nikageuka. Bado amesimama, ananipungia.

Nilikula vizuri siku ile, nikalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Kesho yake nikarudi na kifurushi cha matofaa, nikitumaini nitamkuta. Nikamuuliza mlinzi, kupitia yule muuza maua, habari za bibi niliyeingia naye jana. Wakatazamana. Muuza maua akasema, mwanamke haingii hapa, huyu mzee hamruhusu, hata mkewe mwenyewe hamruhusu. Jana uliingia peke yako. Kisha akaongeza, kwa adabu, kwamba watu wengi huzungumza peke yao makaburini, nisione haya. Matofaa nikawaachia. Bado nikajiambia kwamba mlinzi amezeeka, na mvua ilikuwa kubwa.

Nilirudi Columbus Jumamosi. Jumapili hiyo hiyo nikapanda basi la Buffalo. Nilitaka kuonana na Omari ana kwa ana, nikamwombe msamaha kwa miaka mitatu ya kumjibu kwa mkato. Anakaa Cheektowaga, nyumba ya mbao yenye ngazi mbele. Alinifungulia mlango akashtuka, akabaki amesimama pale kana kwamba nimekuja kumdai roho. Mkewe akaleta chai na maandazi. Watoto wakaniuliza kwa Kiingereza kama India nimepanda tembo, nikawajibu kwa Kiswahili kwamba tembo alikuwa mapumzikoni, wakaelewa, wakacheka, wakarudi kwenye televisheni.

Nikamsimulia Omari yote. Nilimwambia lile neno langu. Akainamisha kichwa.

"Mimi nilijua unanichukia," akasema. "Nilidhani unasema moyoni, huyu ndiye aliyempeleka dada yake kufa. Na mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo hivyo."

"Sikukuchukia, shemeji. Nilikuwa najichukia mimi, na wewe ukawa unanikumbusha."

 Nikaendelea, nikafika kwenye chanuo lililovunjika na mikia miwili. Omari akaweka kikombe chini.

"Nani kakwambia hayo?"

"Si nakwambia, bibi mmoja wa wodini. Hawabai."

"Hawabai yupi?"

"Wa kitanda cha pili. Mnene, miguu imevimba, Kiswahili cha Unguja."

Omari alisimama akaenda kusukuma mlango wa sebuleni ili watoto wasisikie. Aliporudi hakukaa.

"Shemeji," akasema, "yule bibi nilimbeba mimi. Kwa bega hili. Alifariki siku moja kabla ya upasuaji wa dada. Wanawe wako mbali, hakuna aliyewahi. Watu wa kubeba jeneza hawakutosha. Mimi nilikuwa sitaki kutoka hospitali, nimwache dada peke yake, lakini dada akanikasirikia. Akaniambia, nenda kamzike jirani yangu, nami nitakaa salama. Nikaenda. Nikashuka kaburini nikampokea kwa mikono yangu. Ni ukuta ule wa nyuma. Kesho yake wale watu niliobeba nao walewale ndio walionisaidia kumbeba dada, wakamchimbia pembeni ya yule bibi."

Nikamuuliza, "Na ile mikia miwili?"

"Dada alisukwa asubuhi ile. Bibi ameshazikwa tangu jana yake. Nilikuwepo mimi, dada na nesi tu. Na mimi sikumwambia mtu, shemeji. Hata mke wangu. Niliona haya kwamba nilimkanya asicheke."

Basi. Hicho ndicho kisa. Sina cha kuongeza ili kikolee. Tulikaa mimi na Omari mpaka chai ikapoa, tukasoma Fatiha mbili, moja ya Zuhura na moja ya Hawabai, na Omari akalia akacheka kwa pamoja alipokumbuka lile chanuo. Nikamwomba radhi, akanipa, akaniomba, nikampa. Tangu siku hiyo tunapigiana kila Ijumaa, na hatuishiwi na maneno.

Wapo walioniambia kwamba yule alikuwa jini aliyechukua sura, na kwamba sikupaswa kumfuata. Imamu mmoja aliniambia nisiseme sana. Mimi sijui alikuwa nini. Najua tu kwamba alikuja na mwavuli mbovu, miguu inamuuma, kunitoa ukutani. Kama ni jini, Mungu amzidishie. Kama ni mtu, amlaze pema.

Kuna kitu kimebaki, usicheke. Mvua ikinyesha Columbus, hata ile ya baridi ya mwezi wa kumi na moja, kifundo changu cha mkono wa kulia, pale aliponishika, huwa cha moto. Mama Furaha nilimshikisha siku moja garini tukiwa tumesimama. Akautoa mkono wake haraka akafanya ishara ya msalaba, na tangu siku hiyo hanitanii tena juu ya wake wa Kihindi. Na kitu kingine: siwezi kusikia jeneza linapita bila kwenda. Awe nani, wa dini gani, namjua simjui. Nikisikia watu wa kubeba ni wachache, naomba ruhusa kazini. Wameshanizoea.

Sasa wewe uliyefika mpaka hapa, nina neno moja la kukuonya, na si juu ya majini. Mimi nimepata bahati ambayo sijui kama hutolewa mara mbili: nimetumiwa mtu kutoka chini ya ardhi kuja kunisahihisha. Wewe usiitegemee. Kama kuna mtu umemwambia kwa hasira kwamba huna radhi naye, na ukajipangia kwamba utamwambia baadaye, akitoka, akirudi, akipona, basi chukua simu yako sasa hivi. Mpigie. Akipokea, usimsimulie habari zangu wala za makaburi. Mwambie tu kwamba umemuwia radhi, duniani na akhera, kisha umwache naye akwambie alichotaka kukwambia, hata kama ni habari ya nywele.